Seva ya Kitalu cha Igowole

Mimi ni mtu wa wasiwasi, na sijifichi. Nikitoka nyumbani kwangu, mtaa wa Soweto hapa Mbeya, kwenda kazini narudi mara moja kuhakikisha jiko la gesi limefungwa, kisha narudi tena kuhakikisha mlango niliorudi kuufungua nimeufunga. Wenzangu katika ofisi ya shule, ninakopiga chapa barua na mitihani, wanasema nitazeeka kabla ya siku zangu. Nawajibu kwamba wasiwasi ndio akili. Hata hivyo, mtu mwenye busara zake asingenikabidhi mimi seva niiendeshe. Aliyenikabidhi ni dada yangu, na wala hakujua anachoniomba.

Dada ni mjane anayeishi Igowole, mkoani Iringa. Ana kitalu cha miche ya parachichi kwenye kinyungu alichoachiwa na marehemu mumewe. Kinyungu ni lile shamba la bondeni ambalo udongo wake haukauki hata kiangazi, na kwa mtu wa kitalu hakuna mali kubwa kuliko hiyo. Hapo anajaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki, anaotesha mbegu za kienyeji, kisha anabebesha, yaani anaunganisha juu yake, vikonyo alivyokata kwenye miti mama anayoifahamu mmoja mmoja, kama mwalimu anavyofahamu wanafunzi wake. Kazi yake haina mchezo. Nimemwona akimkatalia mteja mche kwa sababu tu kidonda cha kubebesha hakijapona vizuri.

Halafu akatokea mtu ambaye mpaka leo hatumjui. Alichukua picha za kitalu kwenye ukurasa wa dada wa mtandaoni, akazipandisha kwenye ukurasa wake mwenyewe kwa jina lilelile, akauza miche ya ovyo ambayo haikubebeshwa chochote. Waliouziwa wakafunga safari hadi Igowole kumtukana dada. Mama mmoja alimtupia mche mkavu miguuni mbele ya majirani. Baada ya hapo wateja wakaadimika, na miche ya msimu ule ikakaa kwenye viriba mpaka mizizi ikatoboa chini na kushika ardhi. Mche uliofikia hapo ukiung'oa kuuza, unauza kuni.

Shemeji, yaani mdogo wa marehemu, alikuwa akingoja jambo kama hilo. Alitaka kinyungu kile apande miti ya mbao. Katika kikao cha ukoo alizungumza kwa upole mwingi, akasema anamhurumia shemeji yake anavyohangaika na biashara iliyomshinda. Wazee wakamsikiliza, kisha wakaamua dada apewe msimu huu mmoja. Ikifika Pasaka miche haijaondoka, kinyungu kinarudi kwa ukoo.

Dada alinipigia simu kunieleza na hakulia. Aliniuliza kama mimi, niliyekaa na kompyuta miaka yote hii, naweza kumjengea mahali pake mtandaoni ambapo pana anwani yake mwenyewe. Kila mche uwe na namba kwenye kibandiko, na mnunuzi akiiandika pale aone mti mama, siku uliobebeshwa na picha ya kidonda. Tapeli angeweza kuiba picha, lakini namba za miche ambayo hana asingeziweza. Nikamwambia naweza. Nilichokuwa naweza kweli ni kupiga chapa haraka bila kutazama vidole.

Niliomba likizo, nikaenda Iringa kwa rafiki yangu wa tangu sekondari, ambaye anatunza kompyuta za chuo kimoja pale mjini. Nilifikia kwake wiki nzima. Aliniambia kurasa zenyewe atanisaidia kuzitengeneza, lakini seva nitaisimamia mimi, kwa kuwa za chuo zinamtosha. Akanieleza kwamba seva ni kompyuta kama nyingine, ila imewekwa mbali, kwenye jengo lililojaa kompyuta katika nchi za watu, haina kioo wala kipanya, unaikodi na kuongea nayo kwa kuandika tu. Inaendeshwa na mfumo uitwao Linux, na Linux haibembelezi mtu. Nikauliza nani anaiangalia. Akasema ni mimi. Nikauliza nikiiharibu itakuwaje. Akasema nitaijenga upya, na akaendelea kumenya viazi.

Somo la kwanza lilikuwa kuingia. Kioo cheusi kikaniuliza nywila, nikaandika, na hakuna kitu kilichoonekana, hata nukta. Nikadhani kibodi imekufa. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi, nikakataliwa. Rafiki yangu alicheka mpaka akaweka kisu chini, akasema haionyeshi makusudi, ili aliyesimama nyuma yako asihesabu herufi. Hapo nikaipenda kidogo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukutana na mashine inayohofia watu kama mimi.

Mapenzi hayo hayakudumu. Iringa hata nyanya hununui hivihivi. Unasema kamwene, unajibiwa, unaulizwa habari za nyumbani, ndipo unashika nyanya. Seva haina hayo. Unaiamrisha jambo, na ikilitenda sawasawa inanyamaza kimya. Ikisema kitu ujue umekosea. Rafiki yangu aliona hilo ni jambo zuri, kwamba hakuna maneno mengi. Kwangu ilikuwa mateso, maana nimekulia mahali ambapo mtu akinyamaza baada ya kuzungumza naye umemuudhi. Kila baada ya amri niliandika ls, ambayo huorodhesha mafaili, kuhakikisha vitu vyangu bado vipo. Niliandika ls hata nilipokuwa sijafanya chochote.

Nilijifunza kwamba ukifuta faili kwa rm hakuna kapu la taka utakaloliendea baadaye kuokota ulichotupa. Nilijifunza sudo, neno unalotanguliza ili amri isikike kama imetoka kwa mwenye nyumba. Nikawa nalitanguliza kwenye kila kitu, kama wale wanaotaja cheo cha waume zao kila ofisi wanayoingia, mpaka rafiki yangu akanikemea kwamba siku moja nitaamrisha upuuzi kwa mamlaka yote na nitatiiwa. Nilijifunza kufunga milango yote ya seva isipokuwa ule wa wageni na ule wangu mwenyewe, na kufungua wangu kwanza kabla ya kufunga mingine, nisije nikajifungia nje. Somo hilo sikuhitaji kurudiwa.

Yote niliyaandika kwenye kaunta buku kwa mwandiko mzuri, na vichwa vya habari nikavipigia mistari kwa rula. Huo ndio ugonjwa wa sisi wapiga chapa: tukishaandika jambo safi tunaona limekwisha. Siku ya mwisho aliniambia niiamrishe ile programu inayoonyesha tovuti kwa wageni iwe inaamka yenyewe kila seva inapowashwa. Nikaandika, nikapiga mstari, nikafunga daftari. Aliniambia pia kwamba seva haizimwi. Alijua nilivyo; ofisini kwetu tunazima kila kitu kwenye swichi kubwa kabla ya kwenda nyumbani, na mimi ndiye ninayepita kukagua. Akanishika mkono kabisa. "Wewe mama, nakujua. Hii uiache iwake. Usiionee huruma."

Nikarudi Mbeya na tovuti ikasimama. Dada aliiona kwenye simu yake, akaandika namba ya mche mmoja, mti mama ukatokea, akaandika ya pili, kisha ya tatu. Nikajua amefurahi. Mimi sikufurahi. Tangu siku ile sikuwa na raha. Niliifungua tovuti asubuhi kabla ya kuosha uso, niliifungua ofisini katikati ya mtihani wa Kiswahili, niliifungua kanisani wakati wa mahubiri huku nikijifanya natafuta andiko. Siku moja nikasoma daftari la seva linaloandika kila anayegonga mlangoni, nikakuta mamia ya majaribio ya kuingia kutoka nchi nisizozijua, usiku na mchana.  Nilimpigia rafiki yangu nikiwa nimeshaamua kwamba tumevamiwa. Akaniambia ni kawaida, ni kama wapita njia wanaojaribu vitasa. Kawaida! Kwetu mtu akijaribu kitasa chako mtaa mzima unatoka na magongo.

Mwezi wa pili ukaisha. Wateja wakaja mmoja mmoja, miche kumi hapa, ishirini pale, lakini kitalu bado kilikuwa kimejaa na Pasaka ilikuwa inakuja. Ndipo dada akapata kikundi cha akina mama wa kijiji kimoja upande wetu wa Mbeya, waliotaka kupanda parachichi kwa pamoja. Wangechukua miche yote. Lakini mmoja wao alikuwa ameshaumizwa na yule tapeli, na alikuwa na neno kubwa kikundini. Dada akawatumia mche mmoja kwa basi, na kibandiko chake. Mwenyekiti wao akasema watakutana Jumamosi saa tisa alasiri, watafungua tovuti mbele ya wote na kuandika namba ile. Wakiukuta mche wao, wanachukua. Wasipoukuta, wasipigiwe simu tena.

Jumamosi ile nilishinda ndani. Tangu saa nne nilikuwa nimeingia kwenye seva, nimekaa mbele ya kioo cheusi kama mtu anayemlinda mgonjwa. Saa nane na kitu dada akanipigia, tukawa tunatiana moyo, na kusema kweli hakuna aliyekuwa na moyo wa kumtia mwenzake. Wingu lilikuwa limeshuka kutoka mlima Loleza. Ngurumo ya kwanza ikapiga karibu mno, mabati yakatetemeka, na dada akaisikia kwenye simu. Akakata hapohapo bila kuaga.

Nami nikafanya ninachofanya siku zote. Nikachomoa televisheni, nikachomoa friji, nikafunika kioo cha kabati kwa khanga, nikazima simu. Kisha nikaifikia kompyuta. Vidole vyangu havihitaji macho. Viliandika sudo shutdown now, amri ya kuzima kabisa, vikabonyeza, seva ikaniambia muunganisho umefungwa, nikafunika kompyuta na kuchomoa waya ukutani. Nikapanda kitandani, nikakunja miguu ili isiguse sakafu.

Yapata dakika kumi zilipita kabla sijajiuliza nimezima nini. Seva ilikuwa nchi za watu, ambako huenda jua lilikuwa linawaka. Radi ilikuwa Mbeya. Nilikuwa nimeifunga nyumba ya dada kwa mkono wangu, kwa mamlaka yote, robo saa kabla ya wageni wake kufika.

Ni lazima niseme kwa nini. Nilipokuwa darasa la tano, baba alikuwa amefunga waya wa redio kutoka kwenye paa hadi kwenye mkaratusi wa nyuma ya jiko. Siku moja ya mvua mama alisimama kwenda kuizima redio, kama tulivyofundishwa wote, na radi ikashuka na waya ule ikamkuta ameshika kitufe. Dada alikuwa na miaka kumi na sita. Ndiye aliyeniosha, aliyenilisha, aliyenipeleka shule. Na ndiye aliyenizoesha kwamba wingu likinguruma hushiki chombo chochote, si redio, si pasi, na simu zilipokuja, si simu.

Kwa hiyo niliijua dawa na niliiogopa. Seva iliyozimwa haiwashwi kwa kuandikiwa, maana haina sikio tena. Inabidi uingie kwenye tovuti ya kampuni uliyoikodi na kubonyeza kitufe cha kuiwasha. Umeme ulikuwa umekatika na betri ya kompyuta yangu ni pambo tu, haitunzi chaji. Ilibaki simu, na simu ilikuwa juu ya meza, imezimwa. Nje kulikuwa kunapasuka. Nilikaa kitandani nikiitazama ile simu. Saa tisa ikafika, nikaiona kwenye saa ya ukutani. Nikasema radi ikipiga moja tena nitaamka, ikapiga, sikuamka. Nilimwomba Mungu akawacheleweshe wale akina mama, nikaona aibu kumwomba, nikaomba tena. Nilijiona mwoga na mwizi, kwa kuwa dada alikuwa amenibeba mgongoni siku ambazo yeye mwenyewe alihitaji kubebwa, na mimi nilishindwa kunyoosha mkono.

Ilikuwa saa tisa na nusu nilipoushusha mguu. Sikuwa jasiri, nilikuwa nimechoka kuogopa. Nikawasha simu, nikafungua kaunta buku mahali nilipoandika nywila ya kampuni, nikakosea mara mbili, mara ya tatu nikaingia. Nikabonyeza. Mtandao ulikuwa unakwenda na kurudi. Baada ya muda kampuni ikaniandikia kwamba seva inafanya kazi. Nikafungua tovuti ya dada, ikakataa.

Nilijua kabla hata sijalitazama daftari. Lile somo la mwisho nilikuwa nimelipigia mstari tu na sikuwa nimelitenda. Seva iliamka, programu ya kuonyesha tovuti haikuamka, kwa sababu hakuna aliyeiamrisha. Ilibidi nifungue kile kioo cheusi ndani ya kurasa za kampuni, kwenye simu, herufi zikiwa ndogo kama chawa, na kuandika kwa vidole gumba, mimi ambaye kazini wananiita mashine. Kila mwanga ulipomulika dirishani nilifumba macho na kuishika simu vilevile. Niliandika amri ya kuiamsha. Nikaandika na ile ya kuifanya iamke yenyewe. Seva ikanyamaza, na safari hii ukimya wake ulikuwa mtamu. Tovuti ilifunguka saa kumi kasoro.

Baada ya hapo ikawa kusubiri. Mvua ikapungua, ikawa manyunyu. Dada hakupiga simu. Nikawaza kwamba wameshamkatalia na hawezi kusema. Nikawaza kwamba hajui bado, na kwamba atakayemwambia ni mimi. Nikapanga maneno, nikayapangua. Nilimwona shemeji akiingia kinyunguni na kamba ya kupimia mistari ya miti yake, na dada akimpisha njia.

Simu iliita saa kumi na moja na dakika chache.

"Wamekubali," akasema. "Wanaleta gari Jumatano. Yote, mdogo wangu, haibaki hata kiriba."

Akanieleza taratibu, kama anavyoeleza kila kitu. Wale akina mama walikuwa wamezuiwa na mvua, mvua ileile yangu, na kila mmoja simu yake ilikuwa imezimwa na kufichwa kwenye mkoba. Walikutana saa kumi. Mwenyekiti alisoma kibandiko kwa sauti, yule aliyetapeliwa akaandika namba kwa mkono wake mwenyewe, mti mama ukatokea na picha ya kidonda. Akailinganisha picha na mche uliokuwa mezani, akaugeuzageuza, akasema ndio wenyewe.

Mwenye akili angefurahi na kunyamaza. Mimi sikuweza. Nikamwambia kwamba nilikuwa nimeizima. Nikamwambia kwamba kwa zaidi ya saa nzima nyumba yake ilikuwa imefungwa na mimi ndiye niliyefunga, na kama si mvua tungekuwa tunaongea mengine.

"Najua," akasema. "Niliiona ikipotea. Nilikuwa nimeifungua, naitazama tu."

Nikamuuliza kwa nini basi hakunipigia, alikaaje peke yake muda wote ule akijua kinyungu kinakwenda. 

"Kulikuwa na radi kwenu," akasema. "Nilijua utakuwa umezima simu. Lakini nikasema, je, kama hajazima? Nikipiga atapokea."

"Na kinyungu, dada?"

"Kingeenda," akasema, kisha akaniuliza kama mvua imeisha na kama nimekula.